Jibu la Hapana Linapoingia Nyumbani

Jambo kwenu mlioko Ibanda, Kadutu na Bagira hapa Bukavu, jambo kwenu wa Kabare na Walungu mnaotupata kwa shida pale vilima vinapokata mawimbi, na kwenu wa ng'ambo ya Ruzizi, kule Kamembe, ambao sisi tunajua mnatusikiliza hata kama hamtaki tuseme.

Leo nitaanza na kifungu cha sheria. Mnisamehe, sitakaa hapo sana. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ile ya tarehe 1 Agosti 1987, ilikuwa na kifungu cha 448. Kwa maneno mepesi kilisema kwamba mwanamke aliyeolewa lazima apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kujifunga katika mapatano yoyote ya kazi ambayo ataitenda yeye mwenyewe. Sasa fikirieni. Kuimba ni kazi ya kutenda mwenyewe, huwezi kumtuma shangazi akakuimbie. Kuigiza pia. Kusoma habari kwenye redio kama hii, vilevile. Mama mwimbaji wa Nyawera aliyeitwa kurekodi aliweza kukataliwa mara mbili, kwanza na mwenye studio, kisha na mwenye nyumba, na hiyo hapana ya pili ilikuwa na muhuri wa Leta, yaani serikali, nyuma yake. Kifungu hicho kilibadilishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Siku hizi bwana na bibi wanatakiwa wapatane, kila mmoja kwa kazi ya mwenzake. Imetuchukua miaka 29 kufika hapo, na kwenye karatasi tu. Ruhusa bado inaombwa, mnajua wenyewe.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ya sauti mnazotutumia kwenye WhatsApp. Huku redioni tunazigawa. Za ndoa zinakwenda kwenye kipindi cha wamama, za wasanii zinakwenda kwa vijana wa Jumamosi. Mimi siku hizi nazisikiliza zote pamoja, na naona tunakata kitu kimoja vipande viwili. Yule anayelalamika Jumamosi kwamba mswada wake umerudishwa ndiye bwana ya yule mama anayelalamika Jumatatu kwamba mwanaume wake amekuwa bubu, sahani haimalizi, watoto wakicheka anafoka. Pengine kwa majina sio wao. Kwa hali ni wao.

Twende Cimpunda, kwenye zile nyumba za mbao zilizopandana mlimani, paa la huyu likiwa usawa wa mlango wa yule. Ndani kuna vyumba viwili na meza moja. Kwenye meza hiyo watoto wanafanyia kazi za shule, mama anachambua maharage, na baba, mwalimu wa shule ya msingi, anaandika mchezo wake wa kuigiza. Umeme umekatika tangu jana. Saa tano za usiku unarudi ghafla, na nyumba nzima inaamka kama imeitwa. Simu zote zinachomekwa. Mama anaweka maharage kwenye resho, maana makala ya kupikia ni ghali na umeme huu haujulikani utakaa muda gani. Binti mkubwa anataka pasi, anyooshe mashati meupe ya shule. Baba anataka meza na taa, kwa sababu maneno ya mwisho ya mchezo yamemjia kichwani tangu jioni na anaogopa yatamtoroka. Waya ni mmoja. Pasi na resho vikiwashwa pamoja, fyuzi inaruka.

Niambieni, hapo sanaa ni jambo la moyo, au ni jambo la nani anapewa umeme?

Vitabu vinavyofundisha namna ya kuwa mwandishi vinasema ujitengee chumba chako na saa zako. Sawa. Aliyeviandika hakupata kulala Cimpunda. Huku kwetu sanaa haina ofisi. Inakaa jikoni, inakula makuta ya jikoni, na kwa hiyo ikikataliwa, hapana yenyewe inarudi jikoni.

Angalieni inavyokwenda. Mswada wa mkono hauna wa kuupokea, lazima uchapwe. Unapelekwa kwa wale wapiga chapa wa kando ya barabara, wanaoishi kwa kuchapa kazi za kumaliza masomo za wanafunzi wa ISP na wa vyuo vingine, na unalipa kwa ukurasa. Mchezo wa kurasa 80 ni makuta ambayo mama angeyaweka kwenye likelemba, ule mchango wa mzunguko. Na mnajua mwalimu wa Leta yuko katika hali gani tangu Februari 2025, vita ilipoingia mjini na mabenki yakafunga milango. Hata akisikia mshahara umetoka, anaufuata kwa mawakala wa simu, na kila mkono unaoupitia unabaki na kidogo. Mama ndiye anayeishika nyumba, kwa sambaza, wale samaki wadogo, anazonunua alfajiri kando ya ziwa na kuzipandisha soko la Kadutu, beseni kichwani. Makuta yaliyochapa ule mchezo yana harufu ya samaki. Hilo baba analijua, ndiyo maana jibu linapokuja anaona haya hata kulisoma kwa sauti.

Jibu lenyewe ni mistari miwili. Wanakushukuru, wanakutakia mema. Wakati mwingine hakuna jibu kabisa, na kimya hicho nacho ni jibu, ila unalipata polepole. Mama anauliza:

"Walisema nini?"

"Hawakusema."

"Baba watoto, walisema nini?"

"Si nimekwambia hawakusema!"

Haya. Mistari miwili kutoka kwa mtu wa mbali ambaye hajui hata Cimpunda iko wapi imekwisha geuka ugomvi wa watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Kesho yake maharage yana chumvi nyingi. Keshokutwa mama mkwe anapita "kusalimia tu", na anakaa mpaka jioni.

Msimamo wangu wa leo ni huu. Mtu aliyekataliwa ana haki ya kuumia. Hana haki ya kumlipisha mwenzake. Aliyekuambia hapana hayumo ndani ya nyumba yako, na hasira yako haitamfikia hata ukivunja sahani zote. Itamfikia yule aliye karibu, ambaye kosa lake ni kuwa karibu.

Najua mtaniambia: ndiyo, lakini nimpelekee nani maumivu yangu, kama si bibi yangu? Swali zuri, na kulijibu nitawapeleka Tanga.

Shaaban Robert, mwandishi wa Tanga, mnamjua, hata kama shuleni kwetu tulifundishwa Victor Hugo. Alizaliwa mwaka 1909, akafa mwaka 1962, na karibu maisha yake yote ya utu uzima alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akihamishwa huku na huko. Ndoa zake zilimpa mengi ya kuandika. Bibi yake Amina alikufa akamwachia watoto wadogo, na baada yake alioa tena. Kuhusu kazi yake, watu leo wanamwita baba wa fasihi wakidhani milango ilimfungukia. Utenzi wake wa vita vya 1939 hadi 1945, wenye beti kama 3,000, ulichapishwa mwaka 1967. Hesabuni. Alikuwa kaburini mwaka wa tano. Mtu ameandika beti 3,000 na hakupata kukishika kitabu.

Alifanya nini na mzigo huo? Alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zinaanzia mwaka 1931 na kuishia 1958, na Yusuf alizitunza moja baada ya nyingine, ndiyo maana mwaka 2002 ziliweza kuchapishwa kitabu kule Dar es Salaam. Humo kuna kazi, kuna jamaa, kuna ndoa, kuna habari za vitabu vyake. Kwa miaka 27 alikuwa na mtu mmoja, nje ya chumba cha kulala, wa kumwambia mambo yalivyokwenda. Na mtu huyo hakuwa akisubiri makuta ya kitabu ili anunue unga. Hapo ndipo siri ilipo, kwa maoni yangu. Bibi yako hawezi kukusikiliza kama Yusuf, hata akikupenda namna gani, kwa sababu kila unapomwambia "wamekataa", yeye anasikia pia "kodi ya nyumba bado". Ni watu wawili ndani ya sikio moja. Umwambie, ndiyo, lazima ajue, makuta ni yake pia. Lakini kulia ukalie kwa Yusuf wako. Awe mwalimu mwenzako, awe dada yako aliyeolewa Uvira, awe mzee wa kwaya. Mjini kwetu wanaume wengi hawana Yusuf. Wana bia.

Na bia tunayo. Tuendelee.

Kuna upande mwingine ambao hatuusemi sana. Tumezoea kumfikiria msanii ni mwanaume, na bibi ni yule anayesumbuliwa. Nyumba nyingine ni kinyume. Bibi ndiye mtunzi wa nyimbo, bibi ndiye anayechora vitambaa, na siku anapokataliwa bwana yake anapona. Hasemi kitu kibaya. Anasema, "Si nilikuambia, mama watoto? Tulia sasa, angalia nyumba." Anasema kwa upole kabisa, na upole huo unauma kuliko hapana yenyewe, kwa sababu ni kama alikuwa amekaa mlangoni akiingojea. Kile kifungu cha 448 tulikibadilisha kwenye kitabu cha sheria, huyu bwana amekibeba kichwani.

Kwa wamama wa namna hiyo nina mtu mmoja wa kuwatajia, Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa Fumba, shamba, mnamo 1880, kwao ni wafinyanzi, na yeye alikuwa akitembeza vyungu kwa miguu mpaka mjini. Aliolewa, akazaa, akaachwa. Mnamo 1911 akahamia mjini na sauti yake. Mwanamke aliyeachwa, asiye na ukoo wa kujivunia, asiyesoma, aingie kwenye taarab iliyokuwa starehe ya majumba ya wakubwa na vyama vya wanaume! Walimtungia wimbo wa kumsimanga, sura yake na kaniki aliyokuja nayo mjini. Akajibu kwa wimbo, na watu wakaushika wa kwake. Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo ziliuzwa pwani nzima. Alikufa mwaka 1950, na aliyeandika wasifu wake ni yuleyule Shaaban Robert.

Simtaji Siti ili mama fulani wa Bagira aone kwamba kuachwa ni ngazi ya kupandia. Hapana. Wengi waliachwa na hakuna aliyewaandikia wasifu. Namtaja kwa sababu moja: hakuacha yule aliyemwacha awe ndiye mwenye kupima sauti yake. Yalikuwa mambo mawili, na aliyaweka mawili. Sisi tunayachanganya. Mtu ndoa ikimshinda anasema "hata kazi yangu haifai", na kazi ikimshinda anasema "hata nyumbani sifai". Aliyeurudisha mswada wako hajui kama wewe ni bwana mwema au mbaya, wala hilo hakuulizwa.

Sasa niwape siri ya upande huu wa mikrofoni, maana na sisi wa redio ni wakataaji. Watu wanadhani tunakaa kama mahakama, tunapima kipaji. Laiti. Kijana anatuma mchezo wa dakika arobaini, nafasi tuliyonayo ni ya dakika kumi. Imekwisha. Mwingine amerekodi na simu ndani ya nyumba, mvua ikapiga kwenye mabati katikati ya onyesho la tatu, na kuanzia hapo husikii mtu, unasikia Bukavu yetu ya mwezi wa Aprili. Maneno yake yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyopokea, lakini hayapiti hewani. Fundi wa mitambo anatikisa kichwa, faili linawekwa kando, na hakuna anayempigia kijana kumwambia "rudia siku ya jua". Kijana anakaa nyumbani anaamini hana kipaji, kumbe amekataliwa na mvua. Aibu hiyo ni yetu, na tumeizungumza kikaoni. Lakini na wewe uliyekataliwa, uliza. Uliza mara moja, kwa adabu: ni lugha, ni urefu, ni sauti, au ni hadithi? Mara nyingi utajibiwa.

Na redio zinakosea kwa makusudi pia. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, wakati Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu, kwa hiyo tunayo haki ya kumwita wa kwetu. Alibaki yatima akiwa mdogo, akapiga muziki hapa na pale, na mwaka 1978 akavuka kwenda Dar es Salaam kwenye Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Ukimwi ulipoanza kumaliza watu alitunga wimbo unaohimiza kutumia kondomu, ule wa Mambo kwa Soksi. Redio Tanzania, ambayo ilikuwa redio ya serikali na hapo bara nyingine haikuwepo, iliukataa. Matusi, walisema. Basi ukapita kwenye kanda na kwenye madansi, na nchi nzima ikaujua wimbo ambao redio ya nchi nzima haikuupiga. Waliomkatalia walikuwa na mlango mmoja, wakausahau mlango wa pili. Kwa msanii wa hapa mlango wa pili ndio kazi yenyewe. Charles Djungu-Simba, mtoto wa Kamituga, alianzisha nyumba yake ya uchapishaji Kinshasa na kuipa jina la njia ya watembea kwa miguu kando ya barabara, Éditions du Trottoir. Kando ya barabara! Pale ambapo kila mtu anapita.

Kuna hapana moja ambayo ni yetu hasa watu wa Kivu. Umeandika kwa Kiswahili. Ukipeleka Kinshasa, wanakuambia soko ni Kifaransa. Ukipeleka Nairobi au Dar, wanakuambia Kiswahili chako kimevunjika. Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, pasi zetu zinagongwa muhuri, Kiswahili chetu bado kinasimamishwa mpakani. Maoni yangu hapa hayawapendezi wenzangu wote. Kama unapeleka kwa wachapishaji wa pwani, msimulizi wako aandike Kiswahili sanifu, jifunze, haikupunguzii kitu. Lakini mama anayeuza sambaza Kadutu usimvalishe Kiswahili cha Unguja. Akisema "niko naenda, weye bakia", mwache aseme hivyo. Mhariri akilikataa hilo, huyo amekataa watu, sio makosa ya sarufi, na kitabu chako kitafute mhariri mwingine.

Turudi kwenye ndoa, maana muda unakimbia na fundi ananionyesha vidole.

Neno tunalowapa watu wenye shida za ndoa hapa mjini ni "vumilia". Padri analisema, pasta analisema, wasimamizi wa ndoa wanalisema, shangazi analisema akiwa amekwisha vaa viatu vya kuondoka. Ni neno zuri kwa njaa. Ni neno zuri kwa mwaka wa mabenki kufungwa, kwa bwana aliyekwenda machimbo ya Kamituga akakaa bila kutuma kitu, kwa mchezo wa kuigiza uliorudishwa. Kwa ngumi sio neno zuri. Mtu akikataliwa na mchapishaji na usiku akampiga bibi yake, tusimwite msanii mwenye uchungu. Ni mpigaji. Mama wa namna hiyo asiambiwe avumilie, apelekwe hospitali apate na karatasi ya daktari, kisha kwa wanasheria. Wale wa hospitali ya Panzi wanatibu tangu 1999 na wanajua pia njia ya mahakama.

Na tuseme ukweli kuhusu wanaosema vumilia. Huku Bushi mahari ni ng'ombe. Ndoa ikivunjika, swali la kwanza la wazee ni ng'ombe warudi au wasirudi, na ng'ombe wengine walikwisha tolewa kuoza kaka, wengine waliliwa na vita. Kwa hiyo mzee anapokuambia uvumilie, msikilize kwa heshima, lakini jua kwamba pengine anazungumza mtu asiye na ng'ombe wa kurudisha. Talaka ya sheria haipatikani kwenye kikao cha jamaa, inapatikana kwa hakimu, na hakimu naye kwanza atajaribu kuwapatanisha. Nafasi ya kupatana ipo mpaka dakika ile. Sio lazima ipatikane kwa kunyamaza.

Nimalize na sauti moja iliyoingia wiki hii. Ni ya mama, simtaji, hata mtaa wake sitautaja kwa sababu mtamjua. Bwana yake anaandika. Amekataliwa na kukataliwa tena, sasa anataka makuta ya kuchapa mswada mwingine, na yeye mama anauliza: ampe, au ayafiche madaftari yale chini ya kitanda mpaka bwana ayasahau?

Mama, usiyafiche. Atayatafuta, na siku akiyapata mtakuwa na ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza. Usimpe pia makuta ya sambaza, hayo ni ya unga na shule. Mwambie hivi, na umwambie mchana, sio ule usiku umeme umerudi: kwamba kuna likelemba ndogo ya watu wa namna yake. Walimu watano, waimbaji wa kwaya, nani sijui, kila mwezi kila mmoja anatoa kidogo, na mzunguko unapomfikia mtu anachapa kazi yake. Kama haipo, aianzishe, wanaume hawa wa kalamu waonje kazi mnayoifanya nyinyi wamama miaka yote. Humo ndani atawapata na akina Yusuf wake. Kuhusu umeme, gawaneni: resho kwanza, maana maharage hayangoji, kisha pasi, kisha meza ni yake mpaka ukatike tena. Na kabla hajaupeleka popote, akusomee ukurasa mmoja. Sio ili uutolee hukumu, wewe sio mchapishaji. Ni ili ujue makuta yako yaliandika nini.

Atakataa, najua. Atasema wewe huelewi mambo ya fasihi. Mjibu kwamba mchezo wake una mama muuza samaki ndani yake, kama ulivyotuambia kwenye sauti yako, na katika nyumba ile mwenye kumjua muuza samaki ni wewe.

Kuna baba mmoja kwenye laini tangu nilipotaja ng'ombe. Baba, tunakusikia, endelea.